Homa ya Ini C: Maswali Yanayoulizwa Maskani

Meza ya upimaji ikishatandikwa karibu na maskani ya watu wanaotumia dawa za kulevya, maswali huwa ni haya haya. Nayajibu kama yanavyoulizwa.

Sindano yangu simuazimi mtu. Nipime ya nini?

Sindano ni yako, sawa. Na kijiko cha kuyeyushia dawa je? Na kile kipamba cha kuchujia, na kikombe cha maji kinachozunguka watu wanne? Virusi vya homa ya ini C hukaa kwenye damu, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza. Watafiti wamewahi kuvikuta vingali hai ndani ya mabomba ya sindano hata baada ya siku 63. Ukisuuza bomba kwenye maji ya wote, umewaachia wenzako kilichokuwemo.

Usingoje macho yawe ya njano. Wengi hawaoni dalili yoyote kwa miaka 20 au zaidi, huku ini linajaa makovu taratibu. Baadaye ndipo huja tumbo kujaa maji, kutapika damu au saratani.

Kula naye sahani moja je?

Kula, kumbatia, lala naye chumba kimoja. Msiazimane wembe wala mswaki.

Niliambiwa nina chanya. Ndiyo basi tena?

Hapana, uko katikati ya safari. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili huacha baada ya kupambana na virusi. Kinasema viliwahi kuingia. Hakisemi kama bado vimo. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 15 hadi 45 huviondoa wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, lakini alama hubaki. Kwa hiyo sharti kifuate kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe.

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mtu anaambiwa aende hospitali kubwa, apange foleni, atolewe damu mshipani, arudi wiki ijayo. Arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa za kulevya, haingoji foleni. Na mshipa wenyewe uko wapi? Mwenye mishipa iliyokufa hudungwa mara tano, sita, huku anasemwa, na harudi tena. Ndiyo maana napigia debe upimaji wa mtaani: tone la damu ya kidole, mashine ndogo, na jibu la virusi baada ya kama saa moja, muda wa kunywa chai. Pasipo na mashine, matone hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri upimaji na matibabu vipatikane mahali pamoja, ikiwemo kwenye vituo vya methadoni (dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini) na vya kugawa sindano, na daktari wa kawaida au muuguzi aweze kutoa dawa bila kumngoja bingwa.

Lazima niache unga kwanza?

La. Kutumia dawa za kulevya si sababu ya kunyimwa tiba. Anayekwambia "acha kwanza" anakurudisha maskani na virusi vyako, kwenye kijiko kile kile.

Si ndizo zile sindano za kumlaza mtu na homa mwaka mzima?

Hizo zilikuwa za interferoni, dawa ya zamani ya ugonjwa huu, na walioziogopa hawakukosea. Siku hizi ni vidonge. Mseto unaotumika sana ni sofosbuviri na daklatasviri, mara moja kwa siku, kwa wiki 12 kwa walio wengi. Zaidi ya 95 katika kila 100 hupona kabisa. Methadoni haigombani nazo. Miongoni mwa zinazogombana nazo ni rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa, kwa hiyo taja kila unachomeza. Utapimwa pia homa ya ini B, kwa sababu dawa za C zinaweza kuiamsha ikiwa imelala.

Tabu kubwa huwa ni mahali pa kuweka vidonge. Vikikaa chini ya godoro maskani, vitaloa mvua au vitaibwa. Anayefika kila siku kunywa methadoni anaweza kuviacha kituoni, akapewa kidonge chake pamoja na kikombe. Mwingine huwekewa na mwelimishaji rika anayemwamini.

Nikishapona, siambukizwi tena?

Unaweza, na chanjo ya C haipo. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho utapimwa kuthibitisha umepona, kisha angalau kila mwaka. Dai kipimo cha virusi, kwani kile cha kingamwili kitasema chanya maisha yako yote. Ukiambukizwa tena utatibiwa tena, wala usione haya kurudi. Methadoni peke yake hupunguza hatari kwa karibu nusu. Ikiambatana na sindano safi za kutosha, kwa karibu robo tatu.

Nimeshapiga sasa hivi. Nije kesho?

Unaelewa ninachokwambia? Umekubali kupimwa? Basi kaa hapa, lete kidole. Ukiwa umezidiwa hata maneno hayakuingii, pumzika kwanza kivulini. Tupo mpaka jioni.