Je, wajua kwa nini fidia ya ajali kazini humpa mmoja mkupuo, na mwingine pensheni ya maisha?

Chukua wafanyakazi wawili wa shamba la maua Usa River, kila mmoja akilipwa Sh 400,000 kwa mwezi. Wote wameumia kazini. Mmoja anapewa fedha mara moja, basi. Mwenzake analipwa kila mwezi maisha yake yote. Si upendeleo: mpaka kati yao ni asilimia 30 ya ulemavu wa kudumu. Hadi 30 ni mkupuo, ikizidi ni pensheni.

Hapa Tanzania, fidia hiyo hutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wako haukatwi hata senti.

Ukiwa bado unatibiwa, huo ni ulemavu wa muda. Unalipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Asilimia ya ulemavu wa kudumu hupimwa baadaye, jeraha likishatulia na matibabu hayaongezi tena nafuu. Daktari haangalii tu ukubwa wa kovu au maumivu uliyopitia. Anaangalia hasa kiungo kimepoteza kiasi gani cha kazi yake: kidole kinakunja hadi wapi, mkono unashika kwa nguvu gani.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Asilimia 70 ya Sh 400,000 ni 280,000. Aliyepata ulemavu wa asilimia 10 huzidishiwa miezi 84: 280,000 × 84 × 10%, yaani Sh 2,352,000 kwa mkupuo. Mwenye asilimia 40 yuko juu ya 30, kwa hiyo ni 280,000 × 40%, Sh 112,000 kila mwezi, kabla ya kuangalia viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa. Miezi 84 ni miaka saba tu, ilhali pensheni ni ya maisha. Kijana wa miaka 25 aliyepimwa asilimia 30 badala ya 31 anapoteza mengi sana.

Ndiyo maana vipimo vya daktari vina uzito kuliko kitu kingine chochote kwenye faili. Ripoti inayosema tu “amepona, ana kovu” humuumiza mfanyakazi mara ya pili. Iwe umetibiwa hospitali ya KCMC au Mount Meru, omba nakala ya picha za eksirei na ripoti ya upasuaji, na hakikisha kila kiungo kilichoathirika kimeandikwa, hata kile kinachosumbua kidogo. Angalia pia mshahara uliotajwa kwenye fomu: mwajiri akiandika pungufu, fidia nayo inapungua. Na ajali itolewe taarifa mapema, maana mwajiri ana siku saba tu tangu aijue.