Paa Limeezekwa, Kituo Bado: Dhana Potofu Kuhusu Ujenzi wa Kituo Kipya cha Wagonjwa wa Nje

Dhana: Paa likishaezekwa, kazi iliyobaki ni ndogo.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayozaa manung'uniko mengi kuliko zote. Msingi, nguzo na paa huonekana na kila mpita njia, lakini katika jengo la tiba sehemu kubwa ya gharama na ugumu imo ndani: mabomba ya maji safi na maji taka, nyaya za umeme wa kawaida na wa dharura, mifereji ya hewa, mtandao wa kompyuta na, panapofanyika upasuaji, mabomba ya oksijeni. Mengi kati ya hayo hupita katika nafasi ileile finyu juu ya dari, na fundi mmoja akitangulia bila kufuata mpangilio, wenzake hulazimika kufumua kazi yake.

Hewa pekee ni somo zima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu uingizaji hewa wa asili unataka idara ya wagonjwa wa nje ipate wastani wa lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na chumba cha mwenye ugonjwa unaoambukiza kwa njia ya hewa kipate lita 160. Kwa hiyo ukubwa wa dirisha na mahali lilipo havipangwi kwa kutazama sura ya jengo tu. Chumba cha eksirei nacho huhitaji kuta zenye tabaka la madini ya risasi au zege nene, pamoja na mlango wenye kinga kama hiyo, kwa kuwa tundu moja linalotobolewa baadaye kupitishia waya laweza kuvujisha mionzi. Mtaalamu wa mionzi hukagua kinga hiyo, na hurudi kupima mashine ikishafungwa.

Dhana: Taarifa ikisema mradi umefikia asilimia 80, basi muda uliobaki ni asilimia 20.

Ukweli: Swali la kwanza liwe: asilimia 80 ya nini? Yaweza kuwa ya fedha zilizolipwa, ya kazi iliyopimwa, au ya muda wa mkataba uliokwisha kupita, na takwimu hizi tatu mara nyingi hazilingani. Taarifa isiyofafanua jambo hilo, kwa maoni yangu, haijamwambia msomaji chochote cha maana.

Dhana: Eneo la ujenzi likiwa kimya, mkandarasi ametoroka.

Ukweli: Pengine ametoroka kweli, na ukimya wa miezi usiotolewa maelezo unastahili kuhojiwa. Lakini upo ukimya wa kitaalamu. Uimara wa zege kwa kawaida hupimwa sampuli zinapotimiza siku 28. Sakafu ya zege nayo hukauka polepole sana, na zulia la plastiki linalotandikwa kliniki likigandishwa kabla unyevu haujatoka, gundi huachia na mapovu huota chini yake, jambo ambalo mahali pa tiba si kasoro ya sura tu, kwani uchafu na vijidudu hujificha humo.

Dhana: Kituo cha wagonjwa wa nje ni vyumba vya daktari na dirisha la dawa.

Ukweli: Siku hizi upasuaji wa mtoto wa jicho, tiba ya saratani kwa dripu na usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizoshindwa kufanya kazi hutolewa kwa mgonjwa anayerudi nyumbani siku hiyohiyo. Mashine ya kusafisha damu hutumia takriban lita 120 za maji yaliyochujwa kwa kiwango cha juu katika kikao kimoja cha saa nne, hivyo chumba cha mitambo ya maji na mifereji yake hupangwa tangu michoro ya awali. Huduma kama hiyo ikiongezwa ujenzi ukiwa umefika nusu, ratiba huvurugika hata kama mkandarasi ni hodari.

Dhana: Funguo zikikabidhiwa leo, wagonjwa waingie kesho.

Ukweli: Kati ya kukabidhi na kufungua ipo kazi ya kujaribu mifumo: umeme hukatwa makusudi ili kuona kama jenereta itawaka, na maji yaliyotuama mabombani humwagwa na kupimwa, kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaoweza kuleta homa ya mapafu, hustawi katika maji ya nyuzijoto 20 hadi 45 za Selsiasi. Wahudumu huzoezwa, wakaguzi hupita, kibali hutolewa. Hata baada ya hapo mikataba mingi huweka kipindi cha matazamio, aghalabu miezi 12, ambamo mkandarasi hurekebisha kwa gharama zake kasoro zilizotokana na kazi yake, huku sehemu ya malipo yake ikiwa imezuiliwa hadi amalize.