Manowari pekee haziifanyi njia ya bahari kuwa salama

Hapa Dodoma, dizeli ikipanda bei, wengi husema: mataifa makubwa yapeleke manowari Bahari ya Shamu, meli zitapita tu. Sivyo. Desemba 2023 Marekani na washirika wake waliunda kikosi dhidi ya mashambulizi ya Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, kwenye meli. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ukaunda chake. Makombora mengi yalitunguliwa. Hata hivyo, Machi 2024 mabaharia 3 wa meli ya True Confidence waliuawa, na hilo linaniuma.

Manowari chache haziwezi kusindikiza kila meli. Anayeamua njia ni mwenye meli, akipima uhai wa mabaharia na gharama ya bima. Ndiyo maana kampuni nyingi ziliendelea kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, doria zikiwepo.