Je, ni amri za kufunga zilizoua biashara?

Wengi husema uchumi wa 2020 uliangushwa na amri za kufunga, si korona yenyewe. Tazama Denmark na Sweden. Machi 2020 Denmark ilifunga shule, mikahawa na saluni. Sweden iliacha mikahawa na shule za msingi wazi, ikapiga marufuku mikusanyiko ya zaidi ya watu 50. Hata hivyo, miamala ya benki ilionyesha matumizi yameshuka takriban asilimia 29 Denmark na 25 Sweden. Sehemu kubwa ya anguko ilitokana na hofu: mteja hakungoja amri ndipo abaki nyumbani. Tena wazee wa Sweden, wenye hatari kubwa zaidi, walibana matumizi kuliko wenzao wa Denmark. Na vifo? Sweden ilizika wengi zaidi, kwa uwiano wa watu. Amri nayo huumiza, hasa kibarua wa kutwa. Huyo alipwe fidia mapema.