Spishi mpya si kiumbe kilichozuka jana

Hapa Dodoma, mbali na bahari, wanafunzi wangu waliposikia habari za "spishi mpya" ya mnyoo bapa wa baharini, walidhani mnyama huyo ametokea duniani juzi, na kwamba aliyemwona alimtambua kwa rangi tu. Sivyo. Mnyoo mwenyewe huenda ameishi mchangani maelfu ya miaka. Kipya ni jina lake na maelezo yake kwenye sayansi.

Chukua Macrostomum lignano, aliyepewa jina mwaka 2005, wa mchanga wa pwani ya kaskazini mwa Italia. Ana urefu wa milimita moja hadi mbili hivi, na mwili wake unapitisha mwanga. Kwa macho matupu ni kama uzi mweupe. Mtafiti humweka chini ya hadubini, akimbana taratibu kwa kioo chembamba, kisha huchunguza viungo vya uzazi. Kila mnyoo ana vya kiume na vya kike, na umbo la kijibomba kigumu cha kupitishia mbegu za kiume hutofautiana kati ya spishi na spishi. Wakulima wetu wanalijua jambo hili: uwele na mtama vikiwa vichanga hufanana, masuke yakitoka ubishi umekwisha.

Hulinganishwa pia vinasaba. Kisha kielelezo kimoja huhifadhiwa makumbusho, ili atakayetilia shaka kesho akachungulie mwenyewe.