Infraredi ya endoskopia haipimi joto la tumbo

Nimechoka kuulizwa kama infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya endoskopia, yaani kamera tunayoiingiza tumboni kupitia mdomo, huonyesha mishipa ya tumbo kwa kuwa damu ni ya moto. Hapana! Ndani ya tumbo mshipa na nyama iliouzunguka vina joto lilelile, karibu nyuzi 37. Isitoshe, joto la mwili husafiri kwa mawimbi ya nanomita 10,000 hivi, na maji huyameza papo hapo. Sisi wa endoskopia tunatumia mawimbi ya karibu nanomita 800.

Kwa nini 800? Chini ya 650 hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, inaumeza mwanga. Ukipita 900 na ushei, maji nayo yanaanza. Hapo katikati mwanga unapenya milimita kadhaa na kuifikia mishipa minene iliyo chini ya utando wa ndani wa tumbo. NBI, njia nyingine ya endoskopia inayotumia mwanga wa kuonekana wa 415 na 540, huchora vimishipa vya juu tu.

Ila kupenya peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Kwenye 800 damu hainyonyi mwanga kiasi cha kuchora picha kali. Lazima mgonjwa achomwe mshipani rangi iitwayo indosayanini ya kijani. Rangi hii hushikamana na protini za plazma (majimaji ya damu), kwa hiyo haivuji ovyo. Hunyonya mwanga karibu na 805 na kuutoa kwenye 830 hivi. Ini huitoa haraka kupitia nyongo: kila dakika 3 au 4 inabaki nusu. Basi povu liwe limesafishwa na skopu (kamera yenyewe) iwe imeshaikabili fandasi, sehemu ya juu ya tumbo, kabla nesi hajasukuma sindano. Mzio wa aidini uulizwe mapema, maana imo ndani ya dawa.

Kwa nini nasisitiza fandasi? Kwa sababu vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizovimba pale hufanana kabisa na mikunjo ya kawaida ya tumbo. Mgonjwa wa kichocho cha tumbo kutoka kandokando ya Ziwa Victoria, mwenye bandama kubwa, anaweza kuwa nazo. Ukidhani ni uvimbe ukakata kipande cha nyama cha kupima, damu inaruka.

Mashaka ninayo. Mwanga hutawanyika njiani, kingo za mshipa zinafifia, na picha haisemi mshipa uko kina gani. Utando uliowaka na kuvimba nao huvujisha rangi ukang'aa, kwa hiyo siamini mng'ao peke yake kutenga saratani na kidonda kinachopona. Kwa vena za fandasi, nikiwa na altrasaundi ya endoskopia yenye Dopla (inayoonyesha damu inavyotiririka), naanza na hiyo.