Eti apdeti za kila mara ni dalili ya programu mbovu? Tuwekane sawa

Kuna maneno nayasikia kila siku, kwa mafundi simu, maofisini, mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba ukiona programu inaleta apdeti kila mara ujue hiyo ni mbovu. Sio kweli, na hii dhana inawaumiza watu. Programu kubwa kama Windows ina mamilioni ya mistari ya kodi iliyoandikwa na binadamu, matundu, yaani makosa ambayo mdukuzi anaweza kupitia, lazima yawemo, na isiyoletewa apdeti kabisa ndo ya kuogopa zaidi kwa sababu matundu yake hayana wa kuyaziba. Microsoft tangu 2003 wana siku yao kabisa, Jumanne ya pili ya kila mwezi, wanatoa viraka vya usalama, yaani apdeti ndogo za kuziba matundu hayo, huo ni utaratibu wa kazi tu.

"Nitaapdeti baadaye, haraka ya nini." Hapa ndo wengi wanapoponzeka. Kiraka kikishatoka wadukuzi nao wanakishusha, wanalinganisha programu ya zamani na mpya waone kimebadilishwa nini, na palipobadilishwa ndo palipokuwa na tundu, kwa hiyo siku ya kiraka ndo siku ambayo siri imetoka hadharani na wewe uliyeahirisha umebaki wazi. Angalia kirusi cha WannaCry kilichopitia tundu la Windows: Microsoft walitoa kiraka tarehe 14 Machi 2017, kirusi kikaja 12 Mei, karibu miezi miwili nzima baadaye! Unawasha kompyuta unakuta mafaili yote yamefungwa na skrini nyekundu inadai dola 300 kwa bitcoin. Kompyuta zaidi ya laki mbili, nchi kama 150. Hospitali za umma Uingereza zilikwama, miadi ya wagonjwa inayokadiriwa 19,000 ikafutwa, wengine hadi operesheni. Mwaka huohuo Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo ya watu, nao walipewa kiraka cha Apache Struts, programu ya kutengenezea tovuti, mwezi Machi, hawakukiweka kote kulikohitajika, wezi wakapita humo humo na taarifa za watu milioni 147 hivi zikaondoka.

"Mimi sina cha kuibiwa." Una namba ya siri ya benki, una pesa ya simu, una picha za watoto. Na WannaCry haikuchagua mtu.

"Apdeti zinaharibu simu makusudi ununue mpya." Hapa sitawabishia moja kwa moja, watu wana sababu ya kushuku. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba apdeti zao zilikuwa zinapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka ili zisijizime ghafla, na kosa lao kubwa ni kwamba hawakuwaambia wateja wazi. Na apdeti mbovu zipo kweli, Julai 2024 ile ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows, ndege zikabaki chini. Ila dawa yake sio kuacha, dawa ni kujaribu kwanza. Kama unasimamia kompyuta za ofisi weka kwenye chache, ukiona ziko poa siku mbili tatu malizia zote, sio ukae miezi sita. Halafu tutofautishe, toleo jipya linalobadilisha muonekano wote unaweza kulisubirisha upendavyo, kiraka cha usalama usikisubirishe.

Bando kweli apdeti zinakula, weka zishuke kwenye WiFi tu.

Ila usidanganyike na ukurasa unaokurukia kwamba simu imepitwa na wakati bonyeza hapa, wala faili la apdeti ulilotumiwa na mtu, hao ndo wezi wenyewe. Apdeti ya kweli unaifuata mwenyewe kwenye Mipangilio au Play Store. Ukiwa kwenye Mipangilio ingia Kuhusu simu, kwenye toleo la Android, utaona tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama. Ikiwa ni ya miaka miwili nyuma na ukitafuta apdeti hakuna kitu, simu hiyo kampuni imeshaiacha, app ya benki itoe humo leo.